Harufu Ndani ya Gari la Watoto

Mama Pacha alilinusa shati la mumewe mara ya kwanza akasema labda ni sabuni mpya. Akalinusa tena. Haikuwa sabuni.

"Nguo inafuliwa, mkwe wangu, hainuswi," alisema mama mkwe, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua maharage kwenye ungo.

"Basi njoo unuse wewe, mama."

"Mimi pua yangu imestaafu. Nilimnusa baba yake, nikamnusa na yeye. Inatosha."

Hata hivyo aliuweka ungo chini, akajikongoja hadi kwenye beseni. Alinusa kola, kisha mkono wa kulia, kisha akalirudisha shati majini polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Alirudi kwenye maharage yake akaanza kuchambua yale yale aliyokwisha kuyachambua. Mama Pacha aliogopa ukimya huo kuliko alivyoiogopa harufu.

Mumewe alikuwa dereva wa watoto wa shule. Gari lilikuwa lake mwenyewe, chakavu, la viti vingi, na wazazi wa mtaani walikuwa wamemkabidhi watoto wao asubuhi na mchana. Nyumbani alikuwa Baba Pacha. Nje, kila mtu alimwita Kizibo, jina la enzi zile alipokuwa akifungua chupa kwa meno na kukitemea kizibo juu ya paa la baa, watu wakimpigia makofi. Pombe alikuwa ameiacha tangu pacha walipoanza kutambaa. Jina ndilo lililokataa kumwacha.

Lililomchanganya Mama Pacha ni kwamba mumewe hakuonekana mlevi. Alitembea kama mtu, akasalimu kama watu, macho meupe. Tena pesa alileta, na sasa alileta zaidi, wakati petroli ilikuwa imepanda na wazazi wamegoma kuongeza nauli. Wakati ule wa zamani, Mama Pacha alikuwa akijua mumewe amelewa kwa kulikuta kopo la sukari tupu. Sasa kopo lilikuwa limejaa na shati linanuka. Mlevi gani huyu?

Alipekua nyuma ya pipa la maji, ndani ya viatu vya mvua, chini ya godoro, mpaka chini ya kitanda cha mama mkwe, ambaye aliinua miguu apekue vizuri. Alikuta koleo, vipande vya mpira na kibano cha bomba, akavirudisha.

Ni mmoja wa pacha aliyelisema, wakati akisukwa nywele.

"Mama, gari la baba linanuka sindano."

"Sindano inanukaje?"

"Ile pamba. Wanayokupaka kabla hawajakuchoma."

"Asubuhi au mchana?"

"Mchana, tukitoka shule," alidakia pacha mwenzake. "Baba anafungua vioo vyote, anatuambia tutoe vichwa tupunge upepo. Halafu anatuambia tusiwe na midomo mirefu."

Mama Pacha aliacha kusuka. Kichwa cha mtoto kilibaki nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, hadi mama mkwe alipokuja kumalizia.

*

Muuza mkaa hakuwa mbaya wa mtu, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Alimpimia Mama Pacha mkaa, akaongeza kipande cha juu, ndipo akasema:

"Shemeji, sikuingilii mambo yako."

"Basi usiingilie."

"Nimemwona Kizibo kwa Mama Mapipa. Uani kabisa, si barazani. Ametoka na dumu."

Kila mtu alimjua Mama Mapipa. Ndiye aliyekuwa akitengeneza ile pombe kali isiyo na rangi, ambayo ukiiwashia kiberiti inawaka moto wa bluu. Baba Pacha alikuwa ameapa mbele ya mkewe na mbele ya mama yake kwamba mguu wake hautakanyaga tena ua ule.

"Ulifananisha," alisema Mama Pacha.

"Nimefananisha na gari lake pia?"

Jioni hiyo alimsubiri mumewe anawe, ale tonge mbili tatu. Hakutaka kumnyima mtu chakula kabla hajajua kosa lake.

"Ulikwenda kwa Mama Mapipa?"

Mkono wa mwanamume ulisimama katikati ya sahani na mdomo.

"Nilipeleka abiria."

"Abiria mwenye dumu?"

Akatazama chini. "Mama Pacha, nipe muda kidogo. Nitakwambia."

"Niambie sasa."

"Muda kidogo tu. Jambo halijakaa sawa."

"Baba yako naye alikuwa akiomba hivyo hivyo," alisema mama yake kutoka kwenye mkeka wake. "Muda kidogo tu. Nikampa. Akautumia wote."

Baba Pacha aliinuka bila kumaliza sahani. Hakupiga mlango, hakufoka, hakumtukana mtu. Na hilo nalo Mama Pacha hakujua aliweke wapi.

*

Mama Pacha alikuwa mfagizi wa shule ile ile waliyosoma watoto. Siku lilipotokea lililotokea, alikuwa getini na fagio lake, akikusanya majani, na gari la mumewe lilikuwa limeegeshwa juani likisubiri kengele. Baba Pacha alikuwa na desturi ya kuzima injini akingoja, mafuta yasiende bure.

Muuguzi alifika kwa miguu, bado amevaa sare yake nyeupe ya kazini. Alikuwa na mtoto mmoja tu, abiria wa gari lile, naye mwenyewe ndiye aliyekuwa msemaji wa wazazi kwa sababu hakuwa na woga wa kusema. Alifungua mlango wa gari, akaingiza kichwa, akakitoa haraka.

"Shuka," alimwambia Baba Pacha.

"Shikamoo, dada."

"Sikuja kuamkiwa. Mwanangu kaniambia gari linanuka kama wodini. Nikasema utoto. Shuka hapa."

Kengele ikalia. Watoto wakamwagika getini, na wazazi wengine, na walimu wawili. Baba Pacha alishuka akasimama mbele ya yule mama, ambaye alimfika kifuani.

"Nipulizie."

"Dada, mbele ya watoto?"

"Hao watoto ndio unaowabeba. Nipulizie usoni."

Akainama, akapuliza. Mwanamume mzima, baba wa watu, ameinama na mikono magotini anapuliza kama anayewasha jiko. Mtoto mmoja akacheka, wengine wakafuata. Muuguzi alifumba macho, akanusa, akakunja uso.

"Mdomo hauna kitu," alisema, na ilionekana hata yeye hakulitegemea jibu hilo. "Lakini nguo zako zinanuka, na gari linanuka. Umeificha wapi?"

"Sijanywa, dada."

"Sijakuuliza kama umekunywa. Nimekuuliza umeificha wapi."

Hapo Baba Pacha aligeuka, akamwona mkewe. Walitazamana juu ya vichwa vya watoto. Hatua chache tu zingemfikisha. Angeweza kusema, huyu ni mume wangu, mwacheni. Mama Pacha alilishika fagio kwa mikono miwili akabaki pale pale. Kisha akainamia majani yake, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Muuguzi alinyoosha kiganja. Baba Pacha akampa funguo.

"Leo jioni, nyumbani kwangu, wazazi wote," alisema Muuguzi. "Na mkeo aje. Sitaki maneno yako, nataka ya kwake."

Watoto walitembea kwenda makwao kwa mafungu. Pacha walitembea nyuma ya baba yao, wamebeba mikoba yao wenyewe, na hakuna aliyewaambia wawe na midomo mirefu au mifupi.

*

"Twende getini," Baba Pacha alimwambia mkewe nyumbani, kabla ya mkutano wa jioni. "Gari liko pale. Ufunguo wanao wao, lakini boneti haihitaji ufunguo."

Alikwenda, kwa sababu kutokwenda kulikuwa kugumu zaidi.

Chini ya boneti, pembeni ya betri, ilikuwa imefungwa chupa pana ya kioo kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Nusu yake ilikuwa na kitu cheupe kama maji. Kutoka kwenye kifuniko ilitoka mipira miwili: mmoja mwembamba uliingia kwenye injini, karibu na kabureta, mwingine ulipanda juu ukaishia hewani, chini tu ya kioo cha mbele.

"Ndiyo hii," alisema.

"Hii nini?"

"Pombe ya Mama Mapipa, nusu. Nusu maji. Injini ikivuta pumzi, hewa inaingia kwa mpira huu, inapita humo ndani ikitoa mapovu, inatoka na mvuke. Mvuke unaingia unachomeka pamoja na mafuta. Maji yanaipoza, isigonge. Pombe inasaidia kuwaka. Fundi ameibana kabureta, petroli inapita kidogo. Gari lilikuwa linakunywa kama ng'ombe, Mama Pacha. Sasa linaramba. Ile sukari unadhani ilitoka wapi?"

"Spiriti za dukani zimekwisha?"

"Zinauzwa bei ya marashi."

Mama Pacha aliinamia chupa. Harufu ilimpiga, ile ile ya kwenye kola.

"Na kwa nini inanuka ndani?"

"Nikizima, injini bado ni jiko. Chupa inapata moto, mvuke unarudi unatoka kwa mpira huu wa juu, na hapa," akagusa matundu madogo chini ya kioo, "ndipo gari linapovuta hewa ya abiria. Nilimwambia fundi auhamishe. Akasema kesho. Kila siku kesho."

Alitaka kucheka, na alitaka kumpiga kibao. Usiku wote ule wa kugeukageuka, kumpekua bibi wa watu chini ya kitanda, kisa ni chupa iliyofungwa kama mgonjwa chini ya boneti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nini? Mke wangu, nimerudi uani kwa Mama Mapipa, lakini usijali, ni ya gari? Ungeniamini?"

Mama Pacha alikuwa amebakiwa na swali moja, na alitamani lisingekuwepo.

"Na wewe hukuonja?"

Baba Pacha alianza kuukaza ukanda wa chupa, ambao haukuwa umelegea.

"Mama Mapipa siku hizi hapimi kwa kikombe," alisema. "Wa dumu unajichotea mwenyewe kwenye pipa, kwa mpira. Mimi ni dereva. Maisha yangu yote, mpira ukiwa ndani ya tangi, ninatia mdomo navuta. Sikufikiri hata. Ikanijaa mdomoni."

"Ukatema?"

"Nikatema."

Alimjua. Uso ule aliuona miaka yote ya shida, uso wa mtu anayesimama mbele ya mlango usifunguliwe.

"Yote?"

"Nilitema yote, Mama Pacha." Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Ila nilichelewa kutema."

Mama Pacha aliishusha boneti mwenyewe, kwa nguvu, hata njiwa wa paa la shule wakaruka.

*

Sebule ya Muuguzi ilikuwa safi hata mtu ukaogopa kukanyaga. Wazazi waliketi kwenye makochi. Baba Pacha hakukaribishwa kiti, akasimama karibu na mlango kama aliyeleta mzigo. Mama Pacha alipewa kigoda. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, na sasa alilijutia, maana lilimfanya aonekane amekuja sherehe.

Baba Pacha aliwaeleza habari ya chupa. Hawakumwelewa. Basi wakatoka wote, Muuguzi akatoa funguo, wakaenda mpaka getini pa shule, ambapo hapakuwa mbali, na boneti ikafunguliwa. Injini ilipowashwa, mapovu yakaanza kupanda ndani ya chupa, mazuri, madogo madogo, kama ya soda. Hata waliokuja na hasira walisogea waone.

"Kumbe mlevi ni gari!" alisema Mwenye Duka la Vioo, mwanamume mnene mwenye kupenda utani. "Basi lipulize lenyewe, tulinuse."

Watu wakacheka. Mama Pacha alisikia mabega yake yakishuka, akagundua kwamba tangu mchana alikuwa ameyapandisha. Yupo hata aliyeuliza kama fundi anaweza kumfungia na yeye.

Muuguzi hakucheka. "Mwaga," alisema.

Baba Pacha alifungua ukanda, akaitoa chupa, akaenda kuimwaga mtaroni mbele yao wote. Harufu ilipanda ikawajaa puani. Alimwaga huku amegeuza uso pembeni, na Mama Pacha alikuwa peke yake aliyejua ni kwa nini.

"Haya. Na isirudi," alisema Muuguzi. Kisha akamgeukia Mama Pacha, na sauti yake ikapoa. "Bado moja, mdogo wangu. Wakati ule ulipokuja kwangu na jicho limevimba, nilikuuliza umepigwa au umeanguka, hukunidanganya. Wengi hunidanganya. Kwa hiyo nakuamini wewe kuliko hicho chuma. Mtu anayeshinda na pombe mikononi kutwa, aliyewahi kuwa mlevi. Haonji?"

Mama Pacha aliwaona pacha wake kwenye kiti cha mbele kesho asubuhi, akaiona kazi, akaliona kopo la sukari. Alimwona pia mtoto wa Muuguzi, yule mmoja, mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini.

"Haonji," alisema.

"Hata tone?"

"Hata tone, dada."

Muuguzi alishusha pumzi. Alimpa Baba Pacha funguo mkononi, si kwa kumtupia. "Basi kesho kama kawaida. Na utusamehe kwa yale ya mchana."

Ilikuwa imekwisha. Wazazi walikwisha kuanza kuagana. Mwenye Duka la Vioo alikuwa anampiga Baba Pacha mgongoni.

"Dada," alisema Baba Pacha. "Ngoja."

Mama Pacha alimtazama. Kwa macho alimwambia, usithubutu.

"Mke wangu amenisitiri. Wakati wa kuchota niliivuta kwa mpira, ikaniingia mdomoni. Nikakaa nayo kidogo kabla sijaitema. Mara moja tu. Lakini tone lilikuwepo."

Injini ilikuwa bado inanguruma, sasa kwa sauti nyingine, kavu.

"Kavuta mpira tu jamani," alisema Mwenye Duka la Vioo. "Nani hajawahi kumeza petroli?"

Muuguzi hakumsikiliza. Hakumtazama hata Baba Pacha. Alikuwa anamtazama Mama Pacha.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukanitazama usoni."

Mama Pacha angetoa chochote apewe fagio lake, apate cha kuinamia.

"Mwanangu hapandi tena," alisema Muuguzi. "Wenye watoto wengine mtajua wenyewe." Akaondoka, viatu vyake vyeupe vikilia kwenye kokoto.

Waliondoka mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na sababu yake na kila mmoja aliitaja kwa upole. Mwenye Duka la Vioo alikuwa wa mwisho. "Kizibo, ndugu yangu, mimi ningekuachia," alisema. "Ila mke wangu na yule dada ni kitu kimoja. Nyumbani kwangu patawaka moto."

*

Walikuwa njiani kurudi nyumbani, wawili tu, viti vyote vya nyuma vitupu, ndipo Mama Pacha alipopata sauti.

"Kizibo," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nimeubeba uongo mdomoni mwangu mbele za watu. Mimi, nisiyejua kudanganya. Nimekusitiri, ukanivua nguo barabarani."

"Najua."

"Watoto watakula ukweli wako? Tuupike?"

"Sijui watakula nini."

"Ungenyamaza tu! Kazi ilikuwa imerudi. Funguo ulikuwa umeshika!"

Alikuwa anaendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Ulipowaambia hata tone," alisema, "nilisikia raha, Mama Pacha. Sikusikia raha ya kazi. Nilisikia ile raha ya zamani. Nikajiona kabisa niko uani kwa Mama Mapipa, nimeshika mpira, nasema mke wangu atasema sikuonja. Ungekuwa umenipa ruhusa."

Mama Pacha aligeuza uso dirishani. Alikuwa bado ana hasira, na hasira ilikuwa ya haki, na hakuwa tayari kuiacha kwa sababu ya maneno machache, hata yakiwa mazito. Lakini katika miaka yote ile hakukumbuka siku ambayo mtu huyu alisema habari ya pombe bila kubanwa ukutani kwanza.

Kwenye mwinuko wa sokoni gari likaanza kugonga, ka-ka-ka, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Bila ile chupa, injini iliyobanwa petroli haikuwa na nguvu ya kupanda. Ilikohoa, ikatetemeka, ikazimika katikati ya barabara, mbele ya watu wote waliokuwa wakifunga meza zao za biashara.

"Shuka, mke wangu," alisema. "Hapa ni kusukuma."

Akashuka na gauni lake la kutokea. Alipitia nyuma, akaweka bega kwenye chuma chenye vumbi. Mumewe alifungua mlango wake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye nguzo ya mlango, akasukuma kutoka pale. Gari lilisogea kidogo, likarudi, likamkanyagisha matope.

Mwanamume mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, mikono imekunjwa, anatazama kama anayetazama mpira.

"Aa, Kizibo!" alipaza sauti ili na wengine wasikie. "Mama Pacha, vipi, mzee kalewa tena?"

Vicheko vikatoka huku na huku. Baba Pacha aliinamisha kichwa, akaendelea kusukuma.

Mama Pacha aliinua uso kutoka kwenye bega lake. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, na pumzi ilikuwa fupi.

"Hajalewa," alisema. "Njoo usukume."